Hewa ya Miyuji Si Hewa ya Katalogi

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika uhandisi wa kemikali hapa nchini, na kwa kuwa wanaoyafuata ni wengi, yamegeuka kuwa kama kanuni. Mhandisi anapotakiwa kusema gesi kiasi gani ipite katika mnara wenye vijazo, hufungua katalogi ya mtengenezaji, husoma mita za ujazo kwa saa, huongeza asilimia 20 za usalama, kisha huipeleka tarakimu hiyo kwa ofisa ununuzi. Ukimuuliza kuhusu urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, atakujibu kwamba tofauti ni ndogo na ile nyongeza inaifunika. Nashikilia kwamba jibu hilo si sahihi kwa mtambo wowote utakaosimikwa Miyuji, au popote pengine katika uwanda wa kati, na kwamba kosa lake si la nukta za desimali. Ni kosa linalotosha kuufanya mtambo mzima usiifikie kazi uliyonunuliwa kuifanya.

Mnara wenye vijazo ni silinda ndefu iliyosimama, ya chuma au ya plastiki, ambayo tumbo lake limejazwa vipande vidogo vingi: pete za kauri za Raschig, pete za plastiki za Pall, au chembe za zeolaiti na mkaa. Kwa kawaida gesi huingia chini na kupanda. Kimiminika, kama kipo, hunyunyizwa juu na kushuka kikivilowesha vipande hivyo. Humo ndimo klorini iliyovuja inamokutana na kostiki soda na kumezwa, ndimo salfidi ya hidrojeni inamoondolewa katika biogesi, ndimo mvuke wa mvinyo unamoongezeka ukali hadi kuwa spiriti, na ndimo nitrojeni inamonaswa ili oksijeni ipite kwenda wodini. Katika kazi zote hizo, kinachohesabika ni idadi ya molekuli zinazopita. Kilo moja ya klorini inahitaji kilo 1.13 za kostiki soda ili iishe nguvu, na uwiano huo ni wa uzito kwa uzito, haujui mita za ujazo. Mita ya ujazo ni chombo tu. Cha kuuliza ni kilichomo ndani yake. Katika vimiminika swali hilo halina uzito sana, kwa sababu lita ya maji ni kilo moja Tanga na ni kilo moja Dodoma. Katika gesi ndilo swali la kwanza, na ndilo mazoea haya yanaloliruka.

Miyuji ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa kaskazini wa mji, katika uwanda ulio juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu huo kanieneo ya hewa ni takribani kilopaskali 89, wakati pwani ni 101.3. Maji yaliyo ndani ya sufuria yanalijua jambo hili bila kufundishwa: hapa huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100. Sasa tufanye hesabu ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha sita anaiweza. Kanieneo mara uzito wa moli ya hewa, gawanya kwa kigezo cha gesi mara joto la kelvini. Mchana wa nyuzi 30, hewa kavu ya Miyuji ina kilo 1.02 katika kila mita ya ujazo. Hewa ambayo katalogi nyingi za feni zimeichukulia kuwa ndiyo hewa, yaani ya usawa wa bahari na nyuzi 20, ina kilo 1.20. Na ile mita ya ujazo sanifu inayotumika sana katika mitambo ya gesi, ya nyuzi sifuri, ina kilo 1.29. Nyuzi sifuri ni joto ambalo mchana wa Dodoma haujui; lakini ndilo lililofichwa katika tarakimu tunazozinakili kila siku.

Basi tuipime ile nyongeza ya asilimia 20 iliyosifiwa. Chukua mnara ambao usanifu wake unadai mita za ujazo sanifu 1,000 kwa saa, yaani kilo 1,293 za hewa. Mnunuzi anaona 1,000, anaongeza asilimia 20 kwa roho safi, ananunua blowa ya mita 1,200 kwa saa na kuifunga Miyuji. Mita hizo 1,200, kila moja ikiwa na kilo 1.02, ni kilo 1,224. Nyongeza yote imeliwa, na bado mnara una upungufu wa asilimia 5 kabla hata haujaanza kuchakaa. Hakuna aliyekosea kusoma, wala kifaa kibovu, wala fundi mzembe. Ni ujazo wa mahali pamoja uliosomwa kana kwamba ni ujazo wa mahali pengine. Na hapo ndipo ubaya wa hoja ya nyongeza unapoonekana. Nyongeza ya usalama imewekwa kwa ajili ya yale tusiyoyajua: vijazo vitakavyovunjika, utando wa chumvi utakaojengeka, kinyunyizio kitakachoziba upande mmoja, umeme utakaoyumba. Urefu wa Dodoma si miongoni mwa mambo tusiyoyajua. Umepimwa, umeandikwa, hautabadilika. Kuutolea nyongeza ya usalama ni kutumia akiba ya dharura kulipia kodi ya kila mwezi, na siku dharura yenyewe inapofika, mfuko ni mtupu.

Watetezi wa mazoea haya wana jibu la kitaalamu zaidi, nalo lazima lijibiwe kwa utaalamu. Wanasema: feni inayozunguka kwa kasi ile ile husukuma ujazo ule ule popote iwekwapo, na kwa kuwa hewa nyepesi husuguana kidogo na vijazo, ukinzani wa mnara nao hupungua, kwa hiyo mambo yanajisawazisha. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Ujazo unabaki ule ule. Lakini kilo zimepungua kwa asilimia 15, na ni kilo tulizozinunua. Ukitaka kilo zako zirudi, itabidi uisukume hewa hiyo nyepesi kwa kasi kubwa zaidi, takribani asilimia 18 zaidi, na hapo ukinzani wa vijazo nao unapanda kwa asilimia 18 juu ya ule wa katalogi. Wakati huohuo, uwezo wa feni kuzalisha kanieneo kwa mzunguko wake wa awali umeshuka kwa asilimia 15, kwa sababu hiyohiyo ya wepesi wa hewa. Mahitaji yamepanda, uwezo umeshuka, na mambo hayo mawili hayafutani bali yanazidishana: 1.18 kugawanya kwa 0.85 ni karibu 1.39. Nguvu ya kuizungusha feni hiyo hadi irudishe kilo zile zile ni karibu asilimia 39 zaidi ya ilivyoandikwa. Anayedhani asilimia 20 inatosha kufunika hilo hajazidisha, amejumlisha. Pengine hata kujumlisha hajajumlisha.

Na mota itakayobeba mzigo huo? Viwango vya kimataifa vya mota za umeme, vile vya IEC, huichukulia nguvu iliyoandikwa kwenye kibati kuwa ni ya mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa isiyozidi nyuzi 40. Miyuji imeshauvuka mpaka huo. Hewa nyepesi haiipozi mota sawasawa na hewa nzito, kwa hiyo mtengenezaji makini hutaka ajulishwe urefu ili apunguze nguvu anayoiahidi. Wanaosema kwamba urefu wetu hauna maana wanabishana na kibati kilichopigwa misumari kwenye mashine yao wenyewe.

Hapa lazima niwape wapinzani haki yao katika jambo moja, kwa sababu hoja isiyopima huwa kelele. Mnara wenyewe, ukiutenga na feni yake, ni mvumilivu kuliko nilivyoonyesha hadi sasa. Kikomo cha mnara wenye kimiminika ni kufurika: gesi inapanda kwa nguvu kiasi cha kukizuia kimiminika kisishuke. Dalili zake zinaonekana kwenye manomita ya maji iliyofungwa ubavuni. Mwanzoni maji hupanda taratibu kadiri gesi inavyoongezwa. Minara mingi ya kuosha gesi husanifiwa kwa milimita 15 hadi 50 za maji kwa kila mita ya vijazo. Kisha hufika mahali ambapo ongezeko dogo la gesi huyarusha maji ya manomita juu kwa ghafla, safu ya maji hujikusanya juu ya vijazo ikitokota kwa mapovu, na matone hutoka na gesi kupitia bomba la juu. Sherwood, Shipley na Holloway walipokusanya vipimo vya kufurika kule Marekani mwaka 1938, hawakuiacha densiti ya gesi nje ya mlinganyo wao. Waliiweka ndani, na michoro ya Leva na Eckert iliyofuata ikaibakiza humohumo. Kinachoamua ni kasi ya gesi mara kipeuo cha pili cha densiti yake. Kwa kilo zile zile, kipimo hicho Miyuji hupanda kwa asilimia 8 na nusu tu. Mnara uliosanifiwa ufanye kazi kwa asilimia 75 ya kikomo cha kufurika utajikuta kwenye 81. Si pazuri, lakini hautafurika. Ndiyo maana nasema kosa haliko katika vijazo, liko katika anayevipelekea gesi. Lakini ungamo hilo haliwasaidii wapinzani, maana hawakufika hapo kwa kukokotoa. Mtu akivuka barabara akiwa amefumba macho akafika salama, hatuwezi kusema aliangalia magari.

Sasa niende kwenye kesi inayonigusa kuliko zote, ya oksijeni. Janga la UVIKO-19 lilizisukuma nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, kufunga mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini. Kiini cha mtambo wa aina hiyo ni minara miwili iliyojazwa chembe za zeolaiti. Kompresa husukuma hewa katika mnara mmoja kwa kanieneo kubwa, zeolaiti hunasa nitrojeni, na gesi inayotoka juu huwa na oksijeni ya asilimia 93 hivi. Kisha mnara huo hufunguliwa, kanieneo ikashuka, nitrojeni ikatolewa nje, huku mwenzake akishika zamu. Ukiangalia ndani ya mnara wakati kanieneo iko juu, Miyuji na Tanga hazitofautiani sana: geji ikisoma bari 7, kanieneo halisi ni bari 7.9 hapa na 8.0 pwani. Wakati wa kuitoa nitrojeni, hewa yetu nyepesi hata inasaidia, maana zeolaiti hujisafisha vizuri zaidi kanieneo ya nje inapokuwa ndogo. Tofauti kubwa iko mlangoni, kwa kompresa. Kompresa ya skrubu humeza ujazo ule ule kwa kila mzunguko, na katika ujazo huo molekuli zimepungua kwa asilimia 12 kwa sababu ya urefu peke yake. Tena inalazimika kuikandamiza hewa mara 8.9 badala ya mara 7.9 ili kufikia bari 7 zile zile za geji, kwa hiyo hewa hutoka na joto kubwa zaidi, na kikaushio kinachoifuata hubeba mzigo mkubwa zaidi. Na zeolaiti ikiingiwa na unyevu, huharibika.

Itafsiri hesabu hiyo kwa lugha ya wodini. Mtambo ulioandikwa lita 500 kwa dakika, ukipungukiwa na asilimia 12 ya hewa mlangoni, umepoteza lita 60 hivi. Kwa wagonjwa wanaopewa lita 5 kwa dakika kila mmoja, hao ni wagonjwa 12. Opereta akijaribu kuzipata lita hizo kwa nguvu, kwa kufungua valvu ya matokeo zaidi ya uwezo, nitrojeni itapenya kabla haijanaswa na usafi wa oksijeni utashuka chini ya asilimia 90. Akifupisha zamu za minara ili gesi ipite haraka, au mnara unapofunguliwa kwa ghafla, kasi ya gesi inaweza kuzinyanyua chembe za zeolaiti, zikasuguana na kugeuka vumbi. Na vumbi hilo lina hesabu yake. Mlinganyo aliouchapisha Sabri Ergun mwaka 1952, ambao ndio msingi wa kukokotoa mtiririko katika mnara wa chembe kavu, unaonyesha jinsi upotevu wa kanieneo unavyotegemea nafasi tupu baina ya chembe. Nafasi hiyo ikishuka kutoka asilimia 40 ya ujazo hadi 36 tu, ukinzani unapanda kwa karibu nusu. Nafasi nne katika mia, na kompresa ambayo tayari ilikuwa imeelemewa inaongezewa mzigo wa nusu nzima pale mnarani. Anayeona kwamba hesabu ya mtiririko wa gesi ni jambo la darasani asimame kando ya muuguzi anayegawa lita zisizotosha, kisha arudie kauli yake.

Nimesikia pingamizi kwamba mitambo ya namna hii imefungwa sehemu nyingi za bara na inafanya kazi. Sikatai kwamba inazunguka. Lakini mnara wenye upungufu wa gesi haupigi kelele wala hautoi moshi. Unafanya kazi pungufu kimyakimya. Kompresa isiyopumzika kamwe huonekana kama kompresa yenye bidii. Oksijeni ya asilimia 88 haina rangi tofauti na ya 93. Na upo mnara ambao hoja ya "mbona unafanya kazi" haiwezi kabisa kutumika kwake, nao ni ule wa dharura katika chumba cha klorini cha mtambo wa maji. Mnara huo hukaa miaka bila kazi. Siku silinda itakapovuja, feni inatakiwa kuivuta hewa yote yenye sumu ndani ya chumba na kuipitisha kwenye kostiki soda kabla haijafika kwa majirani. Klorini ya sehemu 10 katika milioni ya hewa inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Mtihani wa kwanza wa mnara huo utakuwa pia mtihani wake wa mwisho, na kama feni yake ilichaguliwa kwa hewa ya pwani, hakuna atakayekuwa na muda wa kufanya masahihisho.

Wengine wanapendekeza njia ya mkato: kama hofu ni upungufu, basi tununue kila kitu kikubwa. Pendekezo hili lina mvuto kwa sababu linafanana na busara, ila mnara haufanyi kazi hivyo. Ukipanua kipenyo kutoka mita 1 hadi mita 1.2, eneo la mkato linaongezeka kwa asilimia 44, na kimiminika cha kulowesha vijazo lazima kiongezwe kwa kiasi hicho hicho. Kisipoongezwa, vijazo vingi vitabaki vikavu, maji yatachagua njia zao pembeni mwa ukuta, gesi nayo itachagua njia zake katikati, na vitu viwili vilivyoletwa vikutane vitapishana bila kugusana. Katika mji wenye mvua chache kama Dodoma, kuongeza maji kwa karibu nusu ili kuepuka hesabu ya dakika kumi ni ubadhirifu usio na utetezi. Kikubwa si sawa na salama. Kilicho salama ni kilichokokotolewa.

Kuna wanaoamini kwamba programu za kompyuta zimelimaliza tatizo. Programu ni mtumishi mwaminifu mno: hukokotoa ulichomwambia. Nyingi hufunguka zikiwa tayari zimejazwa kanieneo ya kilopaskali 101.325, na asiyejua kwamba kisanduku hicho kinapaswa kubadilishwa atapata jibu la pwani lenye desimali sita. Hata anayejua anaweza kunaswa na mtego mwingine, ulio hatari zaidi kwa sababu unaonekana kama uangalifu. Anatafuta kanieneo ya hewa ya Dodoma katika taarifa ya hali ya hewa, anakuta 1,015 hektopaskali, anaridhika kwamba Dodoma haitofautiani na Dar es Salaam. Tarakimu hiyo imeshasahihishwa hadi usawa wa bahari, ili wataalamu wa hali ya hewa waweze kulinganisha mji na mji. Inayotakiwa na mhandisi ni kanieneo ya kituo chenyewe, ile inayosomwa na barometa pale ilipo kabla ya kusahihishwa, na inapatikana kwa kuiomba. Vivyo hivyo rotameta, lile bomba la kioo lenye kielea kinachopanda na kushuka. Mistari yake imechorwa kwa hewa ya nyuzi 20 ya usawa wa bahari. Kielea kikisimama kwenye 100 hapa Miyuji, ujazo unaopita kwa kweli ni 108, na kilo zinazopita ni 92 katika kila mia uliyodhani. Mtu mmoja anaweza kuutumia usomaji huohuo kudai kwamba ana gesi nyingi kuliko alivyotaka, na mwingine kudai kwamba ana pungufu, na wote wawili wakawa wakweli. Hapo ndipo migogoro mingi kati ya mkandarasi na mteja inapozaliwa, kwa sababu mkataba ulisema "mita za ujazo kwa saa" ukanyamaza.

Pingamizi linalobaki ni la kumtegemea muuzaji: yeye ni bingwa wa mashine yake, atajua la kufanya. Muuzaji hujibu alichoulizwa. Hati ya zabuni isiyotaja urefu, joto wala kanieneo imemwambia kwamba mambo hayo hayamhusu, na akileta mashine ya usawa wa bahari ametimiza mkataba kikamilifu. Tena anayeshindana naye kwa bei, akijitolea kuongeza ukubwa wa mota kwa ajili ya Dodoma, atakuwa ghali zaidi na atashindwa zabuni. Kwa namna hiyo ukimya wetu unamwadhibu mwaminifu. Halafu tunashangaa kwamba mashine za bara zinachakaa mapema kuliko za pwani, na tunalaumu vumbi.

Mazoea haya yangesameheka kama Dodoma ingekuwa kisiwa cha pekee kilichoinuka. Lakini Mwanza na Kampala zipo katika urefu unaokaribiana na wa Dodoma. Arusha, Kigali, Nairobi na Mbeya zimeinuka zaidi. Addis Ababa imepita mita 2,300. Katika ukanda wetu, usawa wa bahari ni hali ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, na sehemu kubwa ya watu na viwanda vyao iko mbali na hapo. Hali inayoitwa sanifu ni ya wachache kwetu, na tunaifundisha vyuoni kana kwamba ndiyo ya wote, tukiuweka urefu wa mahali kama swali la nyongeza mwishoni mwa sura. Mwanafunzi wa Dodoma anayemaliza shahada akiwa amekokotoa minara mingi ya kilopaskali 101.325 bila hata mmoja wa kilopaskali 89 amefundishwa kusanifu mitambo ya mahali asipoishi.

Kinachodaiwa si kikubwa. Kila hati ya zabuni ya mtambo wenye mnara wa vijazo, kwa Dodoma, iandike mistari mitano: urefu wa mahali kwa mita, kanieneo ya hewa ya mahali hapo, isiyosahihishwa, joto la juu na la chini la hewa, gesi inayotakiwa kwa kilo kwa saa, au kwa mita za ujazo zilizotajwa joto na kanieneo yake, na upotevu wa kanieneo katika vijazo vikiwa vipya na vikiwa vimechakaa. Wakufunzi waanze na kanieneo ya chuo chao kabla ya ile ya kitabuni. Bodi ya Usajili wa Wahandisi iwaulize wanaoomba usajili katika fani hii hewa ya mahali pao pa kazi ina kilo ngapi kwa mita ya ujazo, na asiyejua arudi akakokotoe. Nanyi maofisa ununuzi, msipokee mtambo kwa cheti cha kiwandani peke yake: simamisheni manomita na rotameta mahali mtambo ulipo, sahihisheni usomaji kwa densiti ya hewa ya hapo, mlinganishe na mkataba. Mnara ambao mtiririko wake haukupimwa Miyuji haujakabidhiwa Miyuji, na malipo yake ya mwisho hayapaswi kutolewa.